EHRENBERG: BINGWA ALIYESOMA USHAHIDI KATIKA TOPE

Mnamo mwezi Aprili mwaka 1856, pipa la sarafu za fedha lilisafirishwa kwa reli katika Prussia, dola ya Kijerumani ambayo mji wake mkuu ulikuwa Berlin. Lilipofika mwisho wa safari na kufunguliwa, hapakuwa na sarafu hata moja ndani yake. Pipa lilikuwa limejazwa mchanga. Njia ilikuwa na stesheni kadhaa, na kila stesheni ilikuwa na wafanyakazi wake. Je, fedha ilitolewa wapi na mchanga ukatiwa wapi? Swali kama hilo huweza kumshinda hata mpelelezi hodari.

Shauri hilo lilimfikia mtu ambaye hakuwa polisi wala hakimu. Alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Berlin, mwenye umri wa miaka sitini hivi, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita akiwa ameinamia hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Profesa huyo alipata mchanga kutoka stesheni zilizokuwa katika njia ile. Akauweka mmoja baada ya mwingine chini ya hadubini, akaulinganisha na ule uliokutwa ndani ya pipa, kisha akaitaja stesheni moja. Stesheni ilipokwisha kujulikana, kumpata mkosaji miongoni mwa wafanyakazi wachache wa hapo halikuwa jambo gumu tena.

Profesa huyo aliitwa Christian Gottfried Ehrenberg. Wapelelezi wa siku hizi wanaotumia udongo wa kiatu au wa gurudumu kuwa ushahidi humhesabu miongoni mwa waliowatangulia. Hata hivyo, kisa cha pipa kilikuwa jambo dogo tu katika maisha yake. Kazi aliyoiacha inatuhusu sisi tunaolala, kulinda doria na kunywa maji kando ya Ziwa Victoria, kwa sababu ndiyo iliyofungua njia ya kusoma ushahidi uliofichwa chini ya maziwa.

UJANA WAKE

Ehrenberg alizaliwa tarehe 19 Aprili 1795 katika mji mdogo wa Delitzsch, huko Saxony. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Leipzig kusomea elimu ya dini, lakini moyo wake haukutulia huko. Aliiacha, akashika masomo ya udaktari, akahamia Berlin. Mwaka 1818 alipata shahada yake kwa kuandika juu ya kuvu na uyoga wa viunga vya mji huo, akiorodhesha aina 248. Watu wengi huona uyoga kuwa kitu cha kuokotwa na kupikwa. Kijana huyu aliuona kuwa kitu cha kuhesabiwa, kuchorwa na kupewa jina. Tabia hiyo ya kutodharau kilicho kidogo haikumwacha mpaka kufa.

Huko Berlin alifanya urafiki na daktari mwingine kijana, Wilhelm Hemprich, na wote wawili walitamani kuiona Afrika. Nafasi ilipatikana mwaka 1820. Jenerali Heinrich von Minutoli wa Prussia alikuwa akitayarisha msafara wa kwenda Misri kuchunguza mambo ya kale, na Chuo cha Sayansi cha Berlin kikawapa vijana hao wawili kazi ya kufuatana naye ili kukusanya wanyama, mimea na mawe.

MIAKA MITANO YA TABU

Askari aliyewahi kutembea katika nchi kavu bila maji ya kutosha ataelewa hali iliyoukuta msafara ule. Jangwa la magharibi ya Misri liliwapokea kwa kiu, na homa zikawafuata. Baadhi yao walikufa mapema, na jenerali mwenyewe akarudi Ulaya. Hemprich na Ehrenberg hawakurudi. Waliufuata mto Nile kuelekea kusini hadi Dongola, katika nchi ambayo majeshi ya Muhammad Ali wa Misri yalikuwa yameiteka muda mfupi kabla yake. Baadaye walipita Sinai, Lebanoni na Shamu, wakazitembelea pwani zote mbili za Bahari ya Shamu, ile ya Arabuni na ile ya Afrika.

Mwezi Desemba 1823, akiwa Tor katika rasi ya Sinai, Ehrenberg aliona maji ya ghuba yamegeuka kuwa mekundu kama damu. Wengine wangepiga bismillahi na kuondoka. Yeye aliteka maji yale, akayatazama chini ya hadubini, akakuta wekundu ule unatokana na nyuzi ndogo mno za viumbe vya jamii ya mwani. Alivipa jina ambalo wanasayansi wanalitumia hata leo. Hapo alijifunza jambo kubwa: maji yakibadilika rangi, iko sababu, na sababu hiyo huweza kuwa kiumbe kidogo ambacho jicho halikioni.

Mwaka 1825 wasafiri hao walifika Massawa, katika nchi inayoitwa Eritrea leo. Huko homa ilimshika Hemprich, na tarehe 30 Juni akafariki dunia akiwa hajatimiza miaka thelathini. Ehrenberg alimzika rafiki yake, akafunga masanduku yao, akarudi Ulaya peke yake. Katika safari ile wawili hao walikuwa wamekusanya vielelezo vya wanyama vipatavyo 34,000 na vya mimea vipatavyo 46,000. Aliporudi, alianza kuchapisha habari za msafara kwa jina lake pamoja na la marehemu. Kitabu cha safari chenyewe hakikupita juzuu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1828, lakini jina la Hemprich halikuondolewa katika kazi ambayo waliifanya wote wawili.

Mwaka 1827 Ehrenberg aliteuliwa kuwa profesa wa tiba huko Berlin. Miaka miwili baadaye, msafiri mashuhuri Alexander von Humboldt alimchukua, pamoja na mtaalamu wa madini Gustav Rose, katika safari ya kuvuka Urusi hadi milima ya Altai na mpaka wa China. Walikwenda kwa magari ya farasi kilometa zipatazo 15,000 katika mwaka huo mmoja wa 1829. Baada ya hapo Ehrenberg hakusafiri tena sana. Ulimwengu ndio uliomfuata, umefungwa katika vikaratasi na vichupa.

JIWE LILILOKUWA MAKABURI

Mwaka 1836 Ehrenberg aliletewa unga mweupe na vijiwe vyepesi vilivyochimbwa katika nchi ya Bohemia, vitu ambavyo mafundi walivitumia kung'arishia vyuma. Alipoviweka chini ya hadubini, hakuona mchanga. Aliona maelfu ya magamba yaliyopangika kwa ustadi, mengine mviringo kama sarafu, mengine marefu kama mtumbwi. Jiwe lote lilikuwa makaburi ya viumbe vilivyowahi kuishi majini. Alikadiria kwamba katika inchi moja ya ujazo ya jiwe kutoka Bilin mlikuwamo magamba bilioni 41.

Viumbe hivyo leo huitwa diatomu. Ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaojijengea gamba la silika, ambayo ni asili moja na kioo. Diatomu inapokufa mwili wake huoza, lakini aghalabu gamba huzama na kubaki katika tope la chini kwa maelfu ya miaka. Unga huo wa magamba ndio ambao Alfred Nobel aliutumia mwaka 1867, miaka thelathini na moja baada ya ugunduzi wa Ehrenberg. Mafuta ya nitrogliserini yalikuwa yakilipuka kwa kutikiswa tu na kuua watu wengi. Nobel aliyanywesha katika unga wa diatomu, nayo yakatulia hadi yanapowashwa kwa fataki. Ndivyo baruti kali iitwayo dainamaiti ilivyozaliwa.

Kuanzia hapo Ehrenberg alitafuta visukuku hivyo kila mahali. Alivikuta katika udongo ulio chini ya mji wa Berlin wenyewe, na katika matope ya bandari. Mabaharia walimpelekea matope kutoka vilindi vya Atlantiki. Charles Darwin wa Uingereza alimpelekea vumbi lililodondoka juu ya meli karibu na visiwa vya Cape Verde, naye Ehrenberg akakuta ndani yake magamba ya viumbe vya maji baridi yaliyopeperushwa na upepo hadi baharini. Miongoni mwa waliomwandikia na kumpelekea vielelezo alikuwamo Jacob Whitman Bailey, mwalimu wa kemia katika chuo cha kijeshi cha West Point huko Marekani, ambaye mwenyewe alihitimu katika chuo hicho. Ni vema vijana wetu walioko vyuoni wajue kwamba mtu huweza kuvaa sare na bado akaitumikia elimu.

Mwaka 1838 Ehrenberg alitoa kitabu kikubwa juu ya viumbe vidogo vya majini, na mwaka 1854 akatoa kingine juu ya mawe na udongo unaotokana na viumbe hivyo, chenye picha nyingi alizozichora kwa mkono wake.

KOSA LAKE

Si haki kusimulia maisha ya mtu kwa kutaja ushindi wake pekee. Ehrenberg alikosea, na kosa lake halikuwa dogo. Aliamini kwamba kila kiumbe, hata kile kidogo kuliko vyote, kina viungo kamili kama mnyama mkubwa. Alivilisha viumbe vya majini rangi ya nili, akaona madoa mengi ndani yao, akashikilia kwamba hayo ni matumbo. Diatomu nazo aliziita wanyama. Mfaransa Félix Dujardin alionyesha, tangu mwaka 1835, kwamba madoa yale si matumbo na kwamba vingi vya viumbe hivyo vimeumbwa kwa namna iliyo sahili zaidi. Wanasayansi wengi wakakubaliana naye. Ehrenberg hakukubali mpaka mwisho wa maisha yake.

Hata hivyo, liko jambo lililomwokoa mzee huyu asisahauliwe. Kila kielelezo alichokitazama alikihifadhi, akakiandikia mahali kilikotoka, akakichora. Binti yake Clara alimsaidia kwa miaka mingi katika kazi hiyo. Alipofariki tarehe 27 Juni 1876, aliacha vielelezo vya hadubini vipatavyo 40,000 na michoro ipatayo 3,000, ambavyo vinatunzwa katika makumbusho ya viumbe mjini Berlin. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza kwamba katika vumbi lile la Darwin, lililohifadhiwa katika mkusanyo wa Ehrenberg, wamekuta bakteria na kuvu wenye uwezo wa kuota tena. Maoni yake yalipitwa na wakati, lakini kumbukumbu zake hazikupitwa. Polisi yeyote anajua maana ya jambo hilo. Mpelelezi anaweza kumshuku asiye na hatia, lakini akiwa ameandika vema katika kitabu cha matukio na kuhifadhi vielelezo bila kuvichezea, atakayekuja baada yake ataweza kuupata ukweli.

ZIWA LINAVYOANDIKA

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ziwa ni mali, nalo lina daftari lake. Kila mwaka tope jipya, pamoja na magamba ya diatomu za mwaka huo, hutua juu ya tope la mwaka uliopita. Kila aina ya diatomu huchagua mahali pa kukaa. Ipo ipendayo maji maangavu, ipo ipendayo maji yenye mbolea nyingi, na ipo inayovumilia maji yenye asidi ambayo nyingine haziyawezi. Kwa hiyo maji yakichafuka, aina hubadilika, na mabadiliko hayo huandikwa chini bila kalamu.

Wataalamu hushusha bomba refu hadi chini ya ziwa, wakalitoa likiwa na tope lililosimama mfano wa muwa. Hulikata pingili kwa pingili, wakahesabu diatomu za kila pingili. Miaka ya tope la karibuni hujulikana kwa kupima aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu katika kila miaka 22 hivi. Hali kadhalika hutafuta alama ya mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani, ambayo vumbi lake lilifikia kilele mwaka 1963 na kuanguka katika maziwa ya dunia nzima.

Ushahidi huo umekwisha kumaliza mashauri mazito. Katika miaka ya 1980 watu walibishana huko Ulaya kama moshi wa makaa ya mawe ndio ulioua samaki kwa mvua ya asidi, au kama maziwa yaliharibika yenyewe. Diatomu za ziwa dogo la Round Loch of Glenhead huko Scotland zilionyesha kwamba maji yake yalianza kuwa makali katikati ya karne ya 19, wakati wa kukua kwa viwanda.

USHAHIDI WA ZIWA VICTORIA

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1980 samaki wadogo waitwao furu, ambao hapa Uganda huitwa nkejje, walipungua ghafula katika Ziwa Victoria, na aina nyingi hazikuonekana tena. Mshitakiwa alipatikana upesi: sangara, samaki mkubwa mla samaki aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ambaye aliongezeka sana katika miaka hiyo ya 1980. Na kweli alikuwa na hatia. Lakini je, alikuwa peke yake?

Mwaka 2002 wanasayansi walitoa matokeo ya uchunguzi wa tope la ziwa hilo. Daftari la ziwa lilionyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na mashamba katika nchi zinazolizunguka. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960, maji ya chini yalianza kukosa oksijeni, kwa sababu mwani mwingi unapokufa na kuoza huitumia hewa hiyo. Kwa hiyo makazi ya baadhi ya furu wa vilindini yalikwisha anza kuharibika miaka ishirini kabla sangara hajaongezeka. Sangara alikuta mlango umekwisha funguliwa, na waliofungua ni watu: misitu iliyofyekwa, udongo uliochukuliwa na mvua, moshi wa mashamba yanayochomwa, na maji machafu ya miji.

Diatomu zenyewe hazikunusurika. Kwanza zilinenepa kwa mbolea, zikaongezeka kwa miaka hamsini, zikaitumia silika ya maji na kuzama nayo chini. Mwisho silika ikawa haba katika baadhi ya majira. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, mwani wa kijani-buluu, ambao hauhitaji silika na ambao aina zake nyingine hutoa sumu, ulishika nafasi ya juu. Huo ndio utando wa kijani ambao wenzetu wa doria huuona katika ghuba siku za joto na utulivu. Ni ndugu wa mbali wa ule mwani mwekundu ambao Ehrenberg aliuteka huko Tor. Hata diatomu iitwayo Aulacoseira granulata, inayopatikana katika maziwa mengi ya Afrika, ilielezwa mara ya kwanza na mzee huyo wa Berlin, na jina lake huandikwa kando ya jina hilo mpaka leo.

WAJIBU WETU

Polisi wanaijua diatomu kwa njia nyingine pia. Mtu akizama angali hai, maji huingia mapafuni, na magamba hayo huweza kuchukuliwa na damu hadi ndani ya mifupa. Aliyetupwa majini akiwa maiti moyo wake umesimama, na damu haiwezi kuyapeleka huko. Kipimo hicho hakitoshi peke yake kumtia mtu hatiani, lakini kikiunganishwa na ushahidi mwingine huweza kumsaidia daktari na mpelelezi.

Mwaka 2017 jeshi la nchi yetu lilipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa. Kumkamata mwenye nyavu zisizoruhusiwa ni kazi ya lazima. Lakini tope limetufundisha kwamba samaki haangamizwi na nyavu peke yake. Askari anayeoshea gari ziwani mpaka mafuta yakaelea, kikosi kinachochimba vyoo ukingoni mwa maji, mkubwa anayeruhusu mafunjo ya kinamasi yafyekwe ili kambi ipate nafasi, wote hao huandikwa katika daftari lile lile pamoja na mvuvi haramu. Mafunjo ni kama kizuizi cha barabarani: hupunguza mwendo wa maji machafu na kuyakagua kabla hayajaingia ziwani. Anayeyafyeka amewaondoa walinzi wake mwenyewe.

Ehrenberg alikufa zaidi ya miaka mia moja na arobaini iliyopita, na hakupata kuliona Ziwa Victoria. Alichotuachia ni mazoea ya kutazama kidogo kwa makini, kuandika kwa uaminifu na kuhifadhi ushahidi hata usipompendeza mwenye kuuhifadhi. Tope la mwaka huu linatua sasa hivi chini ya ziwa letu, nalo halipokei rushwa wala haliogopi cheo. Wajukuu wetu watakapolitoa na kulisoma, watakuta humo jinsi tulivyolinda zamu yetu.